Elimu mashariki mwa Kongo: nani anamfundisha mtoto kutofautisha habari na uvumi?

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, anga la kaskazini mwa Goma liligeuka jekundu. Volkano ya Nyiragongo ilikuwa imelipuka. Umeme ulikatika katika sehemu kubwa ya mji, barabara zikajaa watu wenye magodoro kichwani na watoto mgongoni, na katika nyumba nyingi simu iliwahi kabla ya tangazo lolote la serikali. Odio za watu wasiojulikana, picha zisizo na tarehe, jumbe za Kifaransa zilizopita kutoka kikundi kimoja cha WhatsApp hadi kingine. Wengine walikimbilia mpaka wa Gisenyi, wengine wakashika barabara ya Sake, kila jamaa ikifuata neno la mwisho ililosikia. Kesho yake UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na wazazi wao, na wengine zaidi ya 170 walihofiwa kupotea.

Mambo hayakuishia hapo. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihame, kwa hofu kwamba magma imefika chini ya mji na chini ya Ziwa Kivu. Mamia ya maelfu ya watu waliondoka. Siku mbili baadaye, tarehe 29 Mei, serikali ikatangaza kwamba volkano nyingine, Murara, karibu na Nyamulagira, nayo imelipuka. Saa chache tu zikapita, serikali ileile ikarudi kusema kwamba haikuwa kweli: ndege iliyopita juu ya eneo haikuona mlipuko wowote, na moshi ulioonekana ulitoka kwa watu waliokuwa wakichoma makala. Tangazo la kwanza lilikuwa limekwisha kuzunguka. La kulisahihisha lilifuata polepole, kama ilivyo desturi ya masahihisho.

Yeyote aliyekuwa Goma siku zile anakumbuka swali lililokuwa kwenye kila mdomo: tuamini nani? Wakubwa walijiuliza. Watoto je?

Anayeisomea nyumba simu

Katika nyumba nyingi za Majengo, Ndosho au Katoyi, na vilevile za Kadutu kule Bukavu, za Butembo na za Bunia, simu ya Android ni moja tu, na anayeisomea nyumba nzima si lazima awe baba wala koko. Mara nyingi ni mtoto wa mwaka wa tano au wa sita wa shule ya msingi. Yeye ndiye mwenye Kifaransa kidogo. Yeye ndiye anayejua kufungua odio, kuongeza sauti, kukuza picha kwa vidole viwili. Anasoma, anatafsiri kwa Kiswahili, Kinande au Mashi, na wakubwa wanaamua kwa kumsikiliza: kufunga mizigo au kubaki, kumpeleka mgonjwa hospitalini au kumficha, kukubali chanjo au kuwafungia wauguzi mlango.

Benki ya Dunia inahesabu kwamba katika Kongo watoto 97 kwa 100 wanafikisha miaka kumi bila kuweza kusoma na kufahamu andiko fupi linalolingana na umri wao. Hesabu hiyo haipingani na mtoto anayeisomea nyumba simu. Inamfanya awe wa kuogopesha zaidi. Anatamka maneno, anakamata yale anayoyajua, kama kifo, chanjo, volkano au kimbieni, na yaliyobaki anayajaza mwenyewe. Na odio haidai hata kusoma. Sauti nzito ya mtu mzima anayejiita daktari au mkubwa wa jeshi inaingia nyumbani bila kupita kwenye herufi yoyote.

Shuleni mtoto huyo amefundishwa silabi, vitenzi vya Kifaransa, hesabu za kugawanya, majina ya mito na ya majimbo. Kuna swali moja ambalo ni nadra kumfikia: ujumbe huu umetoka kwa nani, na huyo alijuaje?

Wenye Kifaransa wanaita jambo hilo éducation aux médias et à l'information. Kwa Kiswahili cha kila siku, ni kumfundisha mtu kuichunguza habari kabla ya kuimeza. Si wazo la jana. Mwezi Januari 1982, wajumbe wa nchi 19 waliokutana Grünwald, Ujerumani, tayari walitaka shule zibebe kazi hiyo, wakati ambapo tishio lililozungumzwa lilikuwa televisheni. UNESCO ilitoa mtaala wake kwa ajili ya walimu mwaka 2011, ikautoa upya mwaka 2021, na mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ukatenga juma la 24 hadi 31 Oktoba kuwa juma la dunia la elimu hiyo. Kwenye kalenda ya shule za Kongo juma hilo linaangukia muhula wa kwanza. Linapita kimya karibu kila mahali.

Kinshasa, kwa upande wake, imechagua fimbo. Kanuni ya kidijitali iliyotiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023 inamwadhibu anayeeneza habari za uongo kupitia mitandao. Sheria hiyo inaweza kumkamata mtu mzima aliyekwisha kutuma. Kwa mtoto wa miaka kumi ambaye bado hajatuma, haina la kusema.

Somo la Beni na Butembo

Bei ya kutojifunza mambo haya mapema ilionekana katika Kivu Kaskazini. Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa Mangina, si mbali na Beni. Chanjo ilianza kutolewa tarehe 8 ya mwezi uleule. Lakini ugonjwa ulipotangazwa kumalizika, tarehe 25 Juni 2020, watu 3 470 walikuwa wameupata na 2 287 wamekufa. Zaidi ya robo ya walioupata walikuwa watoto.

Mwezi Septemba 2018 watafiti waliwauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo wanafikiri nini. Mmoja kati ya wanne alijibu kwamba Ebola haipo. Wengi zaidi walisema ni biashara ya watu wanaotafuta pesa, au njama ya kuvuruga eneo. Walioamini maneno hayo ndio waliokuwa wagumu zaidi kukubali chanjo na kwenda kwenye vituo vya matibabu. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Tarehe 19 Aprili, mganga wa Kameruni aliyetumwa na OMS, Richard Mouzoko, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo.

Ni rahisi kusema kwamba watu wa Beni walidanganywa kwa sababu hawakusoma. Si haki. Watu ambao jirani zao walikuwa wakichinjwa tangu 2014 bila mtu wa kuwalinda walikuwa na sababu ya kuuliza kwa nini magari meupe yamejaa ghafla kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Na mwezi Desemba 2018, tume ya uchaguzi CENI ilipoahirisha kura ya Beni na Butembo hadi Machi 2019, huku ikitaja Ebola kati ya sababu, waliokuwa wakisema kwamba ugonjwa umetengenezwa ili kuwanyima kura walijiona wamepata ushahidi. Uvumi uliota mahali ambapo imani ilikuwa imekufa zamani.

Ndiyo maana kumwambia mtoto "amini serikali" au "amini waganga" hakutoshi, tena kunaweza kuharibu. Tangazo la Murara lilitoka serikalini. Mtoto anayefundishwa kumwamini mtu fulani atabaki mikono mitupu siku mtu huyo atakapokosea. Anayefundishwa kuuliza ana kitu cha kubeba, hata pale ambapo hakuna wa kuaminiwa. Na kuuliza si sawa na kukataa kila kitu. Wale waliokataa kila neno la timu za Ebola waliishia kuliamini la kwanza lililopita mtaani, bila kulichunguza hata kidogo.

Walichofanya majirani wa Uganda

Je, mtoto wa miaka kumi au kumi na mmoja anaweza kweli kujifunza mambo haya? Jibu zuri zaidi linatoka upande wa pili wa Ruwenzori.

Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, wakiongozwa na Allen Nsangi na Daniel Semakula pamoja na wenzao wa Norway, walichukua shule za msingi 120 za Uganda ya kati, zenye watoto zaidi ya 10 000 wa darasa la tano. Katika nusu ya shule hizo walimu walipewa kitabu cha picha na hadithi, wakafundisha masomo tisa ya dakika 80 katika muhula mmoja. Nusu nyingine iliendelea na masomo ya kawaida. Hakukuwa na kompyuta wala simu darasani. Kitabu, ubao na mwalimu basi.

Kitabu kinawafuata watoto wawili, John na Julie. John anaungua, na mwenzake anamshauri apake mavi ya ng'ombe. Kila mtu anasema yanaponyesha! Kuanzia hapo watoto wanachambua maneno wanayoyasikia kila siku nyumbani na sokoni: kwamba dawa ni nzuri kwa sababu imetumiwa tangu zamani, kwamba ya bei ghali au mpya inashinda nyingine, kwamba kama ilimsaidia mjomba itasaidia wote, kwamba aliyesema ni mtu mkubwa basi ni kweli. Wanajifunza pia kuuliza anayesema hivyo anafaidika na nini, na kwamba dawa inayoponyesha inaweza vilevile kudhuru.

Mwisho wa muhula watoto wote walipewa mtihani uleule. Waliofaulu kwenye shule zilizofundishwa walikuwa asilimia 69. Kwenye shule nyingine, asilimia 27. Matokeo yalitolewa mwaka 2017 katika jarida la kiganga The Lancet. Kwa kuwa yeyote anaweza kukariri kwa miezi mitatu, watafiti walirudi baada ya mwaka mmoja: asilimia 80 dhidi ya 52. Watoto hawakuwa wamesahau. Katika uchunguzi mwingine, wazazi waliosikilizishwa mafundisho yaleyale kwa njia ya sauti nao walishinda wale ambao hawakusikilizishwa.

Kuna la kupunguza. Mtihani ulipima majibu kwenye karatasi. Kile mtoto atakachofanya siku nyumba yote inapiga kelele kwamba maji ya bomba yametiwa sumu ni jambo lingine. Mafundisho yalihusu afya peke yake. Na watoto waliosoma vizuri walifaidika zaidi kuliko waliosoma kwa shida, jambo ambalo linaigusa Kongo moja kwa moja. Hata hivyo ni nchi jirani, madarasa yanafanana, ushauri wa mavi ya ng'ombe ni uleule. Mwezi Juni 2019, mtoto wa miaka mitano aliyevuka mpaka kutoka Kongo ndiye aliyekuwa mgonjwa wa kwanza wa Ebola kuthibitishwa Kasese. Ugonjwa haukuuliza pasi, na maneno juu yake hayaulizi pia.

Chaki, kalenda ya zamani na redio moja

Darasa la tano la shule ya kawaida ya Kivu au Ituri: watoto 60 au zaidi, wanne kwenye benchi moja, hakuna umeme. Mwalimu hana haja ya kungoja kompyuta.

Anaweza kuanza na mchezo ambao watoto wenyewe wanaujua. Anamnong'oneza mtoto wa kwanza wa mstari wa mbele: mama anayeuza sombe amepoteza kuku wawili kwenye soko la Virunga siku ya Jumanne. Neno linapita sikio kwa sikio mpaka nyuma. Wa mwisho anasimama na kusema alichopokea, na darasa linaanguka kwa kicheko, kwa maana kuku mara nyingi wamekwisha kuwa watoto, na kupotea kumekuwa kuibwa. Wengi wanaishia kwenye kicheko. Somo lenyewe linaanza mwalimu anaporudi nyuma benchi kwa benchi kutafuta neno liligeuka wapi. Mtoto aliyeligeuza hakutaka kudanganya. Alisikia nusu, akaona aibu kuuliza, akajaza. Radio trottoir, ambayo kila Mkongomani anaijua, imeelezwa yote pale kwa dakika kumi.

Baadaye yanakuja maswali ya ubaoni, na machache yanatosha. Nani anasema? Alijuaje: aliona kwa macho, au naye aliambiwa? Ni lini? Nani mwingine anasema hivyo, ambaye hakuyapata kwa huyu wa kwanza? Swali la mwisho ndilo gumu kuliko yote, hata kwa watu wazima. Mtu akipokea odio moja kutoka vikundi kumi anaona ana mashahidi kumi. Ana mmoja, na huyo hana jina. Mtoto analifahamu haraka akilinganishiwa na ugomvi wa uwanjani: wenzake watano wakija kushitaki na wote waliambiwa na mmoja, mwalimu anamwita yule mmoja.

Kwa picha, kalenda ya zamani inafaa. Mwalimu anafunika nusu kwa daftari na kuuliza watoto wanaona nini. Wanaona watu wanakimbia, wanasema vita. Anafunua nusu ya pili: ni mashindano ya mpira. Kisha anauliza swali ambalo karibu hakuna anayelifikiria: picha hii ni ya mwaka gani, na unajuaje? Picha ya kweli yenye tarehe ya uongo ndiyo inayodanganya kuliko zote, kwa sababu kila kilichomo ndani yake kilitokea. Kilitokea mahali pengine, au zamani.

Soko lenyewe ni kitabu. Hakuna mtoto wa Goma au Bukavu ambaye hajamsikia muuzaji mwenye megafoni akitangaza chupa moja inayoponyesha tumbo, mgongo, presha, minyoo na kukosa mtoto. Mtoto anajua kwamba mtu huyo anataka kuuza. Anajua kwa sababu anamwona na mzigo wake mbele. Kazi ya mwalimu ni kumsaidia kumwona muuzaji huyohuyo pale ambapo mzigo hauonekani, ndani ya ujumbe wa simu unaosema habari lakini mwishoni una namba ya kutumia pesa. Si watoto wa Kongo peke yao wanaoshindwa. Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilipowapima wanafunzi mwaka 2016, zaidi ya asilimia 80 ya wale wa shule za kati waliona tangazo la biashara kuwa habari, ingawa liliandikwa juu yake kwamba limelipiwa. Hao walikuwa na kompyuta.

Na kuna redio. Radio Okapi inatangaza tangu tarehe 25 Februari 2002 kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kati yake, na kila mji una redio zake za jamii. Redio moja ya mawe inatosha darasa zima. Watoto wanasikiliza habari tatu, wanaandika kwa kila moja ni nani, wapi, lini, na mwandishi alizungumza na nani. Kesho wanasikiliza redio nyingine juu ya jambo lilelile na kulinganisha. Wataona kwamba redio mbili za kweli zinaweza kusema tofauti bila mmoja kudanganya. Wataona vilevile ile inayotaja jina la msemaji na ile inayosema tu "inasemekana".

Zoezi linalozaa zaidi ni lile la kuwafanya watoto wenyewe kuwa waandishi. Bomba la shule limekauka. Kwa nini? Wanatumwa kumuuliza direkta, mlinzi, mama anayeuza beinyé nje ya uwanja. Wanarudi na majibu matatu yasiyofanana na wanalazimika kuamua waandike nini ubaoni. Wakikosea, kesho yake wanaandika sahihisho mahali palepale, kwa herufi zenye ukubwa uleule. Mtoto aliyepata aibu ya kusahihisha habari ya bomba mbele ya wenzake hataisikiliza odio isiyo na jina kama zamani.

Hakuna kati ya haya kinachodai somo jipya kwenye ratiba iliyojaa. Kunong'onezana ni somo la kusema na kusikiliza. Maswali ya ubaoni yanaingia katika uraia na maadili. Habari ya bomba ni uandishi. Kwa miaka ya kwanza, ambapo Kiswahili ndicho lugha ya darasa, yote yanaweza kufanyika kwa Kiswahili, na hilo lina maana yake, kwani odio nyingi zinazotisha watu huku haziko kwa Kifaransa.

Heshima na woga

Vikwazo viwili havimo katika mitaala ya UNESCO, na ndivyo vinavyowasumbua walimu wa huku.

Cha kwanza ni heshima. Mtoto anayemwuliza mkubwa "nani alikuambia?" anaweza kupigwa kofi, na wengi watasema amestahili. Shule ikimrudisha nyumbani mtoto anayewasahihisha wazazi mbele ya wageni, wazazi wataichukia elimu hiyo, na watakuwa na sababu. Lakini Kiswahili kina njia zake. Mtoto hawezi kusema "koko, umedanganywa". Anaweza kusema "koko, huyu aliyesema hakutaja jina lake, tusikilize na redio". Anaweza kumwomba baba waulize kwa mkuu wa nyumba kumi. Mwalimu anayefundisha maswali bila kufundisha namna ya kuyauliza amefanya nusu ya kazi, tena nusu ya hatari.

Cha pili ni woga, na ni kizito zaidi. Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari. Shule zilifungwa, zikafunguliwa tena, na mwalimu aliyesimama mbele ya ubao alijua kwamba kila neno juu ya nani amesema kweli katika vita linaweza kumfikia mtu mwenye bunduki. Upande wowote unaotawala mahali fulani haupendi mtoto arudi nyumbani na swali juu ya matangazo yake. Kwa hiyo mwalimu mwenye busara anachagua mifano yake: kuku wa soko la Virunga, mavi ya ng'ombe, mlima, chupa ya megafoni. Vita havitajwi. Mtoto akiwa na akili ataona mwenyewe kwamba maswali ni yaleyale.

Kuna hata hivyo mpaka ambao woga haupaswi kuuvuka. Jumbe zinazoita kabila fulani wadudu, nyoka au wageni zinafika kwenye simu za nyumba zilezile, na mtoto anazisoma kwa sauti kama anavyosoma mengine. Hapo maswali ya nani na lini hayatoshi tena. Mwalimu ana watoto wa makabila matano kwenye benchi mbili, na wanajuana kwa majina.

Inabaki hali ya walimu wenyewe. Tangu elimu ya msingi ifanywe ya bure Septemba 2019, mamilioni ya watoto wameingia madarasani, jambo jema lililojaza mabenchi bila kuongeza vyumba kwa kiasi hicho. Walimu wamegoma zaidi ya mara moja kwa sababu ya mishahara. Kumwomba mtu huyo aongeze kitu, hata kidogo, kunahitaji uso mgumu. Kule Uganda walimu walipewa kitabu, mwongozo na mafunzo mafupi kabla ya kuanza, hawakuambiwa wajitafutie. Na mwalimu naye ana simu, naye yumo katika vikundi, naye alituma picha usiku ule wa Nyiragongo bila kuuliza ni ya lini.

Nyingi kati ya picha hizo ziko bado kwenye simu za Goma, pamoja na odio zake, zimechanganyika na za harusi na za ubatizo. Nyingine ni za 22 Mei 2021 kweli, nyingine si za siku ile, nyingine si za mlima ule. Hazina tarehe wala jina. Mwalimu anayetafuta kitu cha kuanzia Jumatatu asubuhi anazo mfukoni.